Rimoti ya Asubuhi: Lorraine, This Morning, Morning Live au Loose Women?

Sebuleni kwetu kuna runinga moja na wazee kumi na wawili. Saa tatu asubuhi, dawa zikishagawiwa na kila mtu ana kikombe chake cha chai, swali ni lile lile: leo tunaweka nini? Huu ni mwaka wangu wa sita katika kazi ya kulea wazee hapa Yorkshire, na swali hilo sijawahi kuliona dogo. Nimemwona bibi wa miaka 88 akiomba kiti chake kigeuzwe kielekee dirishani ili asimtazame mtangazaji fulani. Nimewaona mababu wawili wanaocheza domino pamoja kila siku wakinuniana mpaka jioni, kisa wamebishana nani alikuwa bora, mtangazaji wa zamani au wa sasa.

Nawaandikia hasa wenzangu tuliotoka Mombasa, Dar, Kampala na Bujumbura tukaja kufanya kazi hii, maana ninyi ndio mnaoshika rimoti. Lakini hata kama una mama mzazi aliyekuja kukutembelea Uingereza na anashinda peke yake nyumbani ukiwa kazini, jambo ni hilo hilo. Vipindi ninavyolinganisha ni vinne: Lorraine, This Morning na Loose Women vya ITV ya Uingereza, na Morning Live cha BBC One. Mada zao zinafanana mno. Kila kimoja kina mpishi wake, daktari wake wa kuongelea presha, magauni yake ya bei nafuu na mwigizaji wake aliyetoa kitabu juzi. Tofauti iko kwa aliyekaa kwenye sofa. Ndiyo maana sijawahi kusikia wazee wakigombana kuhusu mapishi. Wanagombana kuhusu watu.

Lorraine, kwa asubuhi isiyotaka makelele

Lorraine Kelly ni mwenyeji wa Glasgow, na amekuwa kwenye televisheni ya asubuhi tangu 1984, alipoanza TV-am, kituo cha asubuhi cha wakati ule, akiwa mwandishi wa habari wa Uskoti. Kipindi chenye jina lake kilianza Septemba 2010. Kwa mzee wa miaka 80, huyu ni mtu aliyekuwamo nyumbani mwake tangu watoto wakiwa shule. Wanamwita kwa jina moja, kama jirani wa ng'ambo ya barabara.

Wanaompenda hutaja utulivu wake. Hapandishi sauti, na akimuuliza swali mtu aliyefiwa husubiri mpaka jibu litoke lenyewe. Wasiompenda wana malalamiko mawili. La kwanza ni kwamba hayupo. Unafungua kipindi cha Lorraine, unamkuta Ranvir Singh au Christine Lampard ameshikilia nafasi. Hao wawili ni wazuri, lakini mzee aliyemsubiri Lorraine anaona amepunjwa.

La pili ni kwamba utamu wake umezidi. Wanaosema hivyo hukumbushia ile kesi ya kodi ya 2019. Mamlaka ya mapato ilikuwa ikimdai karibu pauni milioni 1.2, ikishikilia kwamba alikuwa sawa na mwajiriwa wa ITV. Alishinda. Katika hukumu, hakimu alieleza kwamba Lorraine tunayemwona hewani ni sura anayoiigiza, kwa hiyo ni msanii kama wasanii wengine. Watu wengi walilichukulia hilo kama ushahidi kwamba tabasamu lile ni la uongo. Mimi nalikataa kwa moyo wangu wote. Nimeingia vyumba vya wazee saa moja asubuhi nikiwa nimelala kwa saa tatu tu, nina msiba nyumbani Tanga na sikuweza kusafiri kwenda kuzika, na nimesema "habari za asubuhi" kwa uso mkunjufu. Uso ule ulikuwa kazi, na ulikuwa kweli vilevile. Mzee yule hakunikosea lolote mpaka nimwamshe na huzuni yangu.

Kuna jambo moja linaloniwekea Lorraine juu sana: kampeni yake ya Change and Check, iliyoanza 2019, ya kuwakumbusha wanawake kujikagua matiti kila wanapovua nguo. Vibandiko vyake vimebandikwa kwenye vyumba vya kujaribia nguo madukani, na wapo wanawake waliokuja hewani kusema kwamba waligundua uvimbe kwa sababu yake. Dada zangu wa Kiswahili tulio huku, tunaojificha hospitali mpaka maumivu yatushinde, tulitazame hilo.

Tatizo sasa ni muda. Mei 2025 ITV ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2026 Lorraine kitakuwa cha nusu saa, kuanzia saa tatu na nusu, tena kwa wiki 30 tu za mwaka. Nusu saa hiyo ukitoa matangazo ya biashara haimalizi hata kikombe cha pili.

This Morning, wiki ya jozi mbili tofauti

Hiki ndicho kizito, na ndicho chenye majeraha. Kilianza Oktoba 3, 1988 Liverpool, kwenye gati la zamani la Albert Dock, kikiongozwa na Richard Madeley na mkewe Judy Finnigan. Mwaka 1996 kikahamia London. Wazee wetu wa kaskazini bado wanalisema hilo kana kwamba ni juzi: walikuwa na kitu chao, kikachukuliwa. Na walichokipenda hakikuwa studio. Walipenda kuona mke akimkatiza mumewe anapozidisha maneno, kama wanavyokatizana wao. Jozi nyingi zilizofuata hazikuwahi kuwapa hilo tena, kwa sababu ndoa haiigiziki kwa saa mbili na nusu kila siku.

Baadaye akaja Phillip Schofield mwaka 2002, na Holly Willoughby mwaka 2009. Kwa miaka mingi hawa wawili ndio walikuwa asubuhi ya Uingereza, vicheko mpaka machozi. Kisha ikaja Septemba 2022. Ndani ya mwezi huo mmoja kipindi kilizungusha gurudumu la zawadi ambapo mshindi angeweza kulipiwa bili za nishati, wakati watu wanaogopa kuwasha hita. Nakumbuka nilivyotazama nikiwa na mita ya kadi nyumbani, nikaona aibu bila kujua ni aibu ya nani. Siku chache baadaye Malkia Elizabeth alifariki, na watangazaji hao wawili wakaonekana ndani ya Westminster Hall, mwili wake ulipokuwa umelazwa, huku umma ukisimama foleni ya saa nyingi usiku na mchana. Walieleza kwamba walikwenda kama wanahabari kwa ajili ya kipindi, na hawakuchukua nafasi ya mtu. Sebuleni kwetu maelezo hayo hayakupokelewa. Waingereza wa rika hili wanaweza kukusamehe mengi, lakini foleni ni amana.

Mei 2023 Schofield aliondoka, akakiri uhusiano na kijana aliyefanya naye kazi ambao alikuwa ameuficha. Oktoba mwaka huohuo Holly naye akaondoka, baada ya polisi kumkamata mtu aliyepanga kumteka nyara. Mtu huyo alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2024. Naomba wanaomsema Holly kwamba "aliwakimbia watazamaji" wakumbuke hilo la mwisho.

Tangu Machi 11, 2024, Jumatatu hadi Alhamisi viti ni vya Cat Deeley na Ben Shephard. Ben ni mtulivu, na wazee wanamjua kutoka kwenye mchezo wa Tipping Point wa alasiri, kwa hiyo aliingia akiwa tayari ni wa nyumbani. Cat ana kasi na utani. Maoni niliyoyasikia yanagawanyika hivi: wenye masikio mazuri wanampenda, wenye vifaa vya kusaidia kusikia wanachoka, kwa sababu wanapodakiana maneno wale wawili, sauti zinagongana na mzee hapati hata moja. Hilo si kosa la tabia, lakini wewe unayechagua kipindi cha sebule ulizingatie. Washa maandishi ya chini ya skrini, nusu ya lawama itaisha.

Ijumaa ni nyingine kabisa. Tangu Januari 2021 ni zamu ya Alison Hammond na Dermot O'Leary. Walichukua nafasi ya Eamonn Holmes na Ruth Langsford, mtu na mkewe wakati ule, na kuna bibi mmoja hapa ambaye hadi leo hajakubali. Wengine wote, Ijumaa wanajiweka sawa mapema. Alison ni wa Birmingham, mtoto wa familia yenye asili ya Jamaika. Watu walimjua kwanza mwaka 2002 kwenye Big Brother, akatolewa mapema, na mwaka huohuo akaingia This Morning kama ripota. Mahojiano yake ya 2017 na waigizaji Harrison Ford na Ryan Gosling, ambayo yaligeuka kuwa vicheko vitupu na glasi za wiski, bado watu wanatumiana kwenye simu.

Lawama dhidi yake naijua: anacheka mno, na jambo zito likija anaharakisha kulipoza. Kuna ukweli hapo. Mgeni akisimulia msiba, Dermot ndiye ningemwachia swali. Lakini nitasema nilichokiona. Tuna mzee ambaye ugonjwa wa kusahau umemmaliza maneno. Kwa Lorraine anasinzia, kwa Ben anatazama dari. Alison akicheka, na yeye anacheka. Hajui kimechekesha nini, na si lazima ajue.

Na jambo jingine ni langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza palikuwa na bibi aliyeniita "yule msichana" na hakutaka nimguse mkono. Siku za Ijumaa alimwita Alison "Alison wetu". Ijumaa moja akaniuliza kama nywele zangu ni zangu kama za Alison, au ni za kuvaa. Swali lile si la adabu sana, lakini lilikuwa la kwanza. Tulizungumza mpaka chakula cha mchana kikaja.

Loose Women, baraza la mchana

Usishtushwe na jina. Ndiyo, lina maana ile unayoidhania, wanawake wasiotulia, na wamelichagua makusudi kwa utani. Kilianza Septemba 1999. Wanawake wanne mezani, saa sita na nusu mchana, wanaongea kama tunavyoongea sisi tukisukana: wakwe, talaka, kukoma hedhi, mtoto wa miaka 30 aliyerudi nyumbani. Wanaume sebuleni kwetu hutoka wenyewe bila kuambiwa.

Nguvu yake ni kwamba watangazaji huleta maisha yao mezani. Denise Welch amezungumzia sonona yake kwa miaka mingi, kwa maneno ya wazi ambayo kwetu mtu angeyasemea chini ya kanga. Brenda Edwards alimpoteza mwanawe Jamal, mwanzilishi wa SBTV, chaneli ya muziki ya mtandaoni, mwaka 2022, kijana wa miaka 31, kisha akarudi kwenye kiti chake na kumzungumza mbele ya taifa zima. Siku ile wafanyakazi wote wa zamu yetu tulisimama mlangoni. Oktoba 2020 meza nzima ilikuwa ya wanawake weusi kwa mara ya kwanza: Charlene White, Brenda Edwards, Judi Love na Kéllé Bryan. Wakati huo dunia imefungwa na corona, sisi tunavaa aproni za plastiki na kuzika wazee kila wiki, na kuwaona wanne wale wakiongea kwa raha ilikuwa kama mtu amefungua dirisha.

Udhaifu wake ni kwamba meza ya baraza inaweza kugeuka kuwa meza ya kumsakama mgeni. Agosti 2018 Kim Woodburn, aliyejulikana kwa kipindi cha usafi wa nyumba, alikaribishwa ili kusuluhishwa na Coleen Nolan, mmoja wa watangazaji wa meza hiyo, waliyegombana naye kwenye Celebrity Big Brother. Haikuwa suluhu. Mama yule wa miaka 76 aliondoka studio akilia, na malalamiko kwa maelfu yakapelekwa Ofcom, msimamizi wa utangazaji. Wazee wengi walisimama upande wake hata wale waliokiri kwamba mdomo wake ulikuwa mkali. Mgeni ukimwita kwako unamlinda, hilo halina mjadala pwani wala Yorkshire.

Kwa sebule ya wazee sikishauri, na sababu ni ya kawaida tu: saa sita na nusu ni wakati wa chakula, na kwetu mara nyingi TV huzimwa. Lakini kwa wewe mgeni uliyefika Uingereza na Kiingereza cha darasani, hiki ndicho cha kwanza. Darasani hatukufundishwa lafudhi. Hapa utamsikia Coleen wa Blackpool, Denise wa kaskazini mashariki na Judi wa mashariki ya London, wote wakikatizana kwenye dakika moja. Mimi nilikitazama jioni kwenye ITVX, huduma ya ITV ya mtandaoni, maandishi yakiwa yamewashwa, naandika daftarini. Baada ya miezi mitatu nilianza kumwelewa mzee wetu wa Newcastle, ambaye kabla ya hapo nilikuwa nikimjibu kwa kutabasamu tu. Na kwa kazi hii, kumjibu mgonjwa kwa kutabasamu ni hatari.

Morning Live, chenye faida kuliko sifa zake

BBC walikianzisha Oktoba 2020, katikati ya corona, na sasa kinatoka Manchester. Hukaa hewani saa tatu na nusu hadi saa tano kasoro robo. Sura yake kuu ni Gethin Jones wa Cardiff, aliyewahi kuongoza Blue Peter, kipindi cha watoto cha BBC, na mara nyingi Helen Skelton yuko pembeni yake, naye ametoka hukohuko Blue Peter. Wajukuu wa wazee wetu walikua nao.

Lawama: hakina chumvi. Babu mmoja husema ni kama kuitwa ofisini kupewa ushauri. Ni kweli, hutapata mahojiano ya kukaliwa kitako, na mgeni mashuhuri akija anaulizwa maswali ya adabu. Lakini tazama wanachokupa. Rav Wilding, aliyekuwa polisi, huonyesha utapeli mmoja baada ya mwingine. Ule ujumbe wa WhatsApp wa "mama, nimepoteza simu, hii ndiyo namba yangu mpya" mzee wetu mmoja aliutambua kabla hajatuma hata peni moja, kwa sababu alikuwa ameuona pale. Na sisi tunaouziwa barua za udhamini wa visa na watu tusiowajua tunahitaji jicho hilohilo. Kuna Dkt. Punam Krishan na Dkt. Xand van Tulleken, wanaozungumza na mtu wa kawaida bila kumfanya mtoto.

Tena hakina matangazo ya biashara. Ukiwa na wazee wenye ugonjwa wa kusahau utaelewa uzito wa hilo. Kila tangazo linapoingia, uzi unakatika: mzee alikuwa anamsikiliza daktari, ghafla gari linapita, ghafla mtu anaimba kuhusu bima. Anauliza kilichotokea, na hakuna la kumjibu.

Ningetamani kitu kimoja tu kwao, uso wa rika la wazee wenyewe. BBC hiyohiyo inao: Rip Off Britain, kipindi cha kutetea wateja, tangu 2009, kimeongozwa na Angela Rippon, aliyezaliwa 1944, na Gloria Hunniford, aliyezaliwa 1940. Angela alicheza Strictly, shindano la kudansi la BBC, mwaka 2023 akiwa na miaka 79, na siku ile alipoinua mguu hadi begani kwa mwenzake, bibi yetu wa kiti cha dirishani alikigeuza mwenyewe.

Uamuzi wangu

Mama aliye peke yake nyumbani na Kiingereza chake ni kidogo: mpe This Morning siku ya Ijumaa, kwa sababu Alison na Dermot wanaeleweka kwa uso na mikono. Siku nyingine mpe Bargain Hunt cha BBC. Timu nyekundu na timu ya buluu, vitu vya kale, pesa zilezile, hakihitaji mkalimani. Mwanamke anayepitia kukoma hedhi au msiba: Loose Women. Asubuhi ya baada ya zamu ya usiku, wewe na chai yako: Lorraine, kama yupo. Sebule ya wazee mchanganyiko: Morning Live, na sina shaka.

Msisahau leseni ya runinga. Kuanzia Aprili 2025 ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka, na kutazama chaneli yoyote ikiwa hewani moja kwa moja kunaihitaji, hata ITV, na hata ukitazamia kwenye simu. BBC iPlayer, huduma ya BBC ya mtandaoni, inaihitaji pia, hata kwa vipindi vilivyopita vya BBC. Vipindi vilivyopita vya ITVX havihitaji. Nyumba za wazee zenye mpango maalumu hulipia pauni 7.50 kwa chumba. Muulize meneja kabla hujamwekea mzee runinga chumbani.

Kwetu tumefikia mapatano. Jumatatu hadi Alhamisi ni Morning Live mpaka saa tano kasoro robo, kisha anayemtaka Ben anapewa Ben, na babu wa domino wanahamia meza ya nyuma. Ijumaa saa nne kamili rimoti inawekwa juu ya kabati, na hakuna anayeiulizia.